Kalavati Halijiuzi



Juni ndiyo hii. Serikalini na kwenye mashirika ya umma mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na wiki hizi ndizo wiki za tathmini. Mtumishi anakaa na mkuu wake, wanautazama mwaka mzima, alama inawekwa. Leo nina maneno na kundi moja tu la watumishi: wahandisi vijana, wenye mwaka mmoja, miwili au mitatu kazini. Na kati yao namlenga hasa yule aliyepangiwa kituo cha njiani, mahali ambapo wakubwa hufika mara chache, na wakifika wana haraka ya kurudi mjini kabla ya jua kuzama. Nimeichagua Ngerengere.

Anayeifahamu Ngerengere hatauliza kwa nini. Pale, ndani ya Wilaya ya Morogoro, zinapita reli mbili. Ya kwanza ni reli ya kati ya zamani, upana wake mita moja, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Ya pili ni SGR, upana wa milimita 1,435, yenye treni ya umeme iliyosanifiwa kwenda kilomita 160 kwa saa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Ukitoka Dar unapita Pugu, Soga, Ruvu, kisha Ngerengere, ndipo unaingia Morogoro. Nyaya zinazoning'inia juu ya njia hiyo zina umeme wa volti 25,000. Halafu kuna mto wenye jina lilelile, Mto Ngerengere, unaoshuka kutoka Uluguru, unaingia bwawa la Mindu, unapita Morogoro mjini, unateremka tambarare hadi kuungana na Ruvu.

Milima ya Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, na miteremko yake ya mashariki hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huku chini tambarare ni pakavu. Inawezekana jua linawaka, vumbi limetanda, mbuzi wamejibanza kivulini, na mto ukawa umefura kwa mvua iliyonyesha milimani usiku uliopita. Mhandisi anayetunza tuta la reli au barabara katika nchi ya namna hii hana ruhusa ya kuangalia mawingu ya kwake tu. Kazi yake kubwa ni kuyaandalia maji njia kabla hayajafika: mitaro iwe wazi, makalavati yasizibe, kokoto zisikokotwe, nguzo zisipoteze udongo miguuni.

Na hapo ndipo penye shida ninayotaka kuizungumzia. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea. Treni inapita. Abiria anasinzia kitini. Hakuna mwandishi wa habari atakayefika Ngerengere kuandika kwamba kalavati limepitisha maji.

Linganisha na siku ya hitilafu. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilipoujaza Mto Mkondoa, pale Kilosa, hukohuko mkoani Morogoro, reli ya kati ilisombwa vipande vipande kuelekea Kidete, Godegode na Gulwe, na nchi nzima ikajua, kwa sababu treni zilisimama na mizigo ya bara ikakwama. Mwisho wa Julai 2024, treni ya SGR ikiwa bado mpya kabisa, ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likaeleza kwamba wanyama, ngedere na bundi, walihusika. Taarifa ile ilizunguka upesi kwenye simu za watu. Sisemi hivyo kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba saa mbili za kusimama zina mashahidi maelfu, na mwaka mzima wa kutosimama hauna shahidi hata mmoja, isipokuwa yule aliyekuwa anazibua mitaro.

Sasa kijana huyu anaitwa kwenye tathmini. Nimesikia mazungumzo ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema kwa moyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, kaa. Haya, mwaka umekwendaje huko?"

"Tunashukuru mama, umekwenda salama."

"Kazi?"

"Kazi tunaendelea nayo vizuri."

"Changamoto?"

"Ni zile za kawaida tu, mama."

"Haya. Tuongeze bidii."

Imekwisha. Mama yule si mtu mbaya. Ana wahandisi wengine kumi wa kuwaona siku hiyo, ana ripoti ya robo mwaka mezani, na hajafika kwenye kalavati la kijana huyu tangu mwaka jana. Aweke alama gani? Ataweka ya katikati, kwa sababu aliyeketi mbele yake hakumpa sababu ya kuweka nyingine. Kijana atatoka akinung'unika kwamba haonekani. Jamani, angeonekanaje?

Tumelelewa hivyo, nalijua hilo. Mtoto mwenye adabu hajisifu mbele ya mkubwa, na methali tunayo tayari: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri sokoni, nami siipingi inapohusu embe au kitenge. Lakini kalavati halijiuzi. Liko chini ya tuta, limefunikwa na nyasi, na uzuri wake wote ni kwamba hakuna anayelikumbuka. Mhandisi akinyamaza kuhusu kalavati kwa kisingizio cha adabu, ananyima ofisi taarifa ambayo hakuna mwingine anayo. Kutoa taarifa ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Nataka pia vijana wajue kwamba nafasi hiyo ya kukaa na kusema haikuwapo siku zote. Kabla ya mwaka 2004 mtumishi wa umma alikuwa anaandikiwa taarifa ya siri. Mkuu wake aliandika anavyomwona, karatasi ikaenda, na mwenye kuandikwa hakusoma. Mtu alipandishwa au aliachwa miaka, asijue ni neno gani limemwinua au limemzika. Mwaka 2004 ndipo ulipoanza mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, ule uliozoeleka kwa jina la OPRAS: mtumishi alikubaliana malengo na mkuu wake mwanzo wa mwaka wa fedha, wakayapitia katikati ya mwaka, wakafunga Juni, na mtumishi mwenyewe alijipa alama kabla ya mkuu kutoa yake. Alama zilikwenda toka 1 hadi 5, na 1 ndiyo iliyokuwa bora kabisa. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambako majukumu yanaingizwa, yanagawanywa vipande, utekelezaji unaripotiwa mwaka unavyokwenda, na mkuu anathibitisha humohumo.

Wapo wanaolalamika kwamba mfumo umewageuza kuwa makarani, wanajaza visanduku badala ya kufanya kazi. Lalamiko hilo nalielewa, na pale kujaza kunapofanywa usiku mmoja wa mwisho kwa kunakili maneno ya mwenzako, mlalamikaji ana haki: hiyo ni kazi bure. Hata hivyo sikubali kwamba kosa ni la kisanduku. Kisanduku kinauliza ulifanya nini. Mhandisi ambaye hana jibu la swali hilo ana tatizo ambalo lingekuwapo hata bila kompyuta.

Basi jibu linaandaliwaje? Hapa nitakaa kidogo.

Chukua sentensi tunazozisoma kwenye fomu: "Nilishiriki kikamilifu katika matengenezo ya njia." Ni sentensi safi isiyo na kosa la sarufi, na haina kitu ndani. Ingeweza kuandikwa na mhandisi, na mlinzi wa geti, na mtu aliyelala. Sasa sikiliza nyingine, nami natunga mfano tu: "Sehemu yangu ina makalavati 16. Kabla ya Machi tulizibua 14. Mawili hayakuzibuliwa kwa sababu mdomo wa kutokea umejaa mchanga unaohitaji mashine. Niliandika maombi Januari, nikakumbusha Februari. Masika yote maji hayakupanda juu ya tuta popote kwenye yale 14. Kwenye moja la yale mawili yalifika nusu mita chini ya kokoto, nasi tuliweka mlinzi siku tatu." Mama yule akisoma hivyo, hahitaji kukupenda ili akuelewe. Anaona kazi, anaona kilichobaki, anaona hatari, na anaona kwamba kuna mtu pale Ngerengere anayefikiri.

Takwimu hizo hazipatikani Juni. Zinaandikwa siku ileile, kwenye daftari la kawaida, mstari mmoja au miwili: tarehe, mahali kwa namba ya kilomita, ulichokuta, ulichofanya, ulikuwa na nani. Piga picha kabla na picha baada, ukisimama mahali palepale mara zote mbili, na kitu cha kupimia kiwemo kwenye picha, hata kama ni koleo, ili atakayeitazama ajue kimo. Picha kwenye simu hupotea simu ikipotea, kwa hiyo zihamishe. Andika mvua. Kama kituo hakina kipimamvua, omba. Kifaa hicho si cha bei ya kutisha, na mtu anayetunza tuta chini ya Uluguru bila kupima mvua anabahatisha.

Lakini hata aliyelala mwaka mzima ana nafasi moja nzuri ambayo kalenda yetu inampa, na sijui kwa nini hatuitumii. Masika huisha Mei. Tathmini ni Juni. Maji yakishapita huacha alama: mstari wa matope kwenye ukuta wa kalavati, majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka kwa kimo kilekile, mchanga uliolala upande mmoja. Wiki ya kwanza ya Juni alama hizo bado zipo. Vaa buti, pita kalavati moja baada ya jingine, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, andika. Ndani ya siku chache utakuwa na picha ya mafuriko ya mwaka huo kwa sehemu yako yote, kitu ambacho pengine ofisi nzima haina. Ukiingia na karatasi hiyo kwenye chumba cha tathmini, mazungumzo hayatakuwa tena juu ya tabia yako. Yatakuwa juu ya maji.

Na uende na kilichoharibika. Hili wengi wanaliogopa. Wanadhani kutaja lengo lililoshindikana ni kujichimbia shimo. Uzoefu wa kazi za uhandisi unasema kinyume, kwa sababu tuta lina ulimi wake: ukificha ufa mwezi wa Juni, utajisema wenyewe Aprili, na siku hiyo hakuna atakayekuuliza kwa upole. Sema lengo lilikuwa nini, ulifika wapi, kilichokuzuia ni kipi, na kati ya vizuizi hivyo kipi kilikuwa mikononi mwako na kipi hakikuwa. Kutenganisha hayo mawili ndicho kipimo cha ukomavu. Fedha kuchelewa si kosa lako. Kutoandika kwamba zimechelewa ni lako.

Jambo jingine ni majina ya watu. Kazi ya reli haijawahi kufanywa na mtu mmoja. Tangu enzi za ujenzi ule wa 1905 imekuwa kazi ya magenge, watu wenye koleo, sururu na mataruma mabegani. Pale Ngerengere, mzee wa genge aliyekaa njiani miaka 20 anajua kalavati lipi hujaa kwanza kuliko mchoro wowote. Kijana aliyetoka chuo anajifunza kwake, anamwita mzee, anamwamkia asubuhi. Halafu Juni anaandika "nilizibua", kana kwamba koleo lilikuwa lake. Andika "tulizibua", na mtaje aliyekuonyesha. Mkuu mwenye akili anapoona mhandisi kijana anagawa sifa kwa haki, anajua anaweza kumpa watu wengi zaidi wa kuongoza.

Wahandisi wa kike nawaomba wanisikilize hapa zaidi kidogo. Idadi yenu inakua, na kuna wakati serikali ya Norway ilisaidia kugharamia mafunzo ya wahitimu wa kike kupitia Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mmepita vyuo vilevile na matope yaleyale. Lakini binti kwetu hufundishwa unyamavu mara mbili, kwanza kama mtoto, pili kama mwanamke, na kwenye chumba cha tathmini unyamavu huo unamgharimu mara mbili. Dada yangu, namba ulizopima ni zako. Zisome kwa sauti.

Yale mazungumzo ya mwanzo, basi, yangeweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanangu. Mwaka umekwendaje?"

"Tunashukuru. Mama, kwa ruhusa yako, nina karatasi moja. Kuna mambo matatu ningependa uyaone kabla hujaweka alama."

"Nionyeshe."

Adabu iko palepale. Salamu hazijapungua, heshima haijapungua. Kilichoongezeka ni karatasi. Na iwe moja kweli, si jalada. Daftari na picha ziwe pembeni akitaka kuona. Mkitofautiana kuhusu alama, usinyamaze na usipaze sauti. Uliza: "Mama, ni kitu gani ningekifanya ili alama iwe ya juu zaidi?" Kisha andika jibu lake mbele yake. Mwaka ujao jibu hilo litakuwa mezani.

Kuna pia la kuomba. Mhandisi mhitimu bado hajawa mhandisi mtaalamu. Njia ya kufika huko inapita kwenye Bodi ya Usajili, kwa sheria ya mwaka 1997, na wengi wanapitia mpango wa mafunzo kwa vitendo wa SEAP ulioanza 2003, miaka 3 ya kufanya kazi chini ya msimamizi na kuandika kila unachofanya. Angalia jinsi mambo yanavyokutana: daftari linaloijaza fomu ya Juni ndilo linalokupeleka kwenye usajili. Kwa hiyo unapokuwa mbele ya mkuu wako, usiombe tu nyongeza. Omba kazi usiyowahi kuifanya. Kama mwaka wote umezibua mitaro, omba kukaa miezi miwili na wasanifu, au na wa umeme, au na wa ishara na mawasiliano. Ombi la kujifunza ni gumu kukataliwa, na likikataliwa limeandikwa.

Sasa neno kwa wakuu, maana sitaki mdhani nawabebesha vijana peke yao. Mkuu anayekuja kwenye tathmini bila daftari lake mwenyewe hana haki ya kudai daftari la kijana. Fika Ngerengere walau mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake. Shuka kwenye gari. Ingia mtaroni. Alama unayoitoa kwa mtu ambaye hujaona kazi yake ni uvumi tu, hata ikiwa na muhuri.

Na zaidi ya yote, angalieni kwa makini malengo mnayoyaweka Julai. Katika milima hiihii ya Uluguru kuna historia inayopaswa kusimuliwa kwa kila anayepanga malengo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Matuta yalihesabiwa. Maofisa walikuwa na takwimu za kupeleka juu. Lakini katika sehemu nyingi udongo wa rutuba ulikuwa mwembamba, na kuchimba ngazi kulifukua udongo usiozaa. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao na hawakusikilizwa. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, mtu mmoja akafa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Hesabu ya matuta ilikuwa kubwa na udongo haukuhifadhiwa.

Basi kijana, Julai mkikaa kuandika malengo mapya, usikubali lengo linalosema tu "kuzibua makalavati 16". Omba liandikwe kwamba maji ya masika yapite makalavati yote 16 bila kugusa kokoto, na chini yake viandikwe vitu unavyohitaji ili hilo liwezekane: mashine kwa siku kadhaa, mafuta, vibarua, kipimamvua. Kisha weka tarehe. Vuli huanza Oktoba. Maombi ya ununuzi yanayotoka Ngerengere Julai yana nafasi ya kurudi na jibu kabla ya matone ya kwanza. Yanayotoka Septemba hayana. Yale makalavati mawili yaliyobaki mwaka huu yawe ya kwanza kwenye orodha, na barua yake itoke wiki ya kwanza ya Julai, ikiwa na picha na vipimo vya alama za maji.